Kamera Nayo Ipige Hodi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.



Tunaandika tahariri hii tukiwa Mpemba. Asiyeifahamu sehemu hii ya nchi, asikiapo jina hilo, mawazo yake humpeleka moja kwa moja kisiwani Pemba. La hasha! Mpemba tunayoizungumzia iko mbali kabisa na bahari, katika mji wa Tunduma, mkoani Songwe, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Hapo ndipo ichepukapo njia iendayo Isongole, wilayani Ileje, hadi mpaka wa Malawi. Malori yenye shaba ya Zambia na ya Kongo hupita usiku na mchana. Ng'ambo ya mpaka uko mji wa Nakonde, ambako wengi wa wenyeji wa huku wana ndugu zao wa damu, kwani Wanyamwanga wako pande zote mbili.

Tumeanza kwa kueleza mahali kwa sababu jambo tulilokusudia kulisema linawahusu sana watu wanaoishi mbalimbali. Nyumba ya Mwislamu wa hapa mara nyingi ni nyumba ya watu waliotawanyika. Baba yuko safarini na lori, binti ameolewa Nakonde, kijana yuko masomoni Mbeya, na bibi amebaki Tabora au Kigoma. Siku ya Idd inapofika, na walau nusu yao wakakutana chini ya paa moja, furaha yake haisemeki. Lakini katika zama zetu hizi furaha hiyo huonekana kana kwamba haijatimia mpaka simu zitolewe mifukoni. Pilau hupigwa picha ingali kwenye sinia, watoto hupangwa kwa vimo vyao, bibi huambiwa atazame huku acheke, na kabla ya adhuhuri picha zimekwisha vuka mpaka pasipo kugongewa muhuri.

Je, jambo hili ni jema ama ni baya? Baadhi ya ndugu zetu hulikataa moja kwa moja, na wengine hushangaa hata kusikia linaulizwa. Sisi tungependa kulitazama kwa uadilifu, bila ya kuharamisha kile alichokiachia Mwenyezi Mungu, na bila ya kuhalalisha kila kinachopendwa na nafsi.

Kabla ya kuwausia wengine, yatupasa tukiri kosa letu wenyewe. Katika Idd moja ya miaka hii ya karibuni, nyumbani mwetu, tulimpa mtoto simu yetu tukamwambia atupigie picha za sikukuu. Mtoto, kama ilivyo desturi ya watoto, alipiga kila alichokiona. Aliingia hadi uani, ambako wanawake walikuwa wao kwa wao wakipakua chakula, mitandio imeshushwa mabegani kwa sababu ya joto la majiko ya mkaa. Mmoja wao, mke wa ndugu yetu, alikuwa akisimulia kisa, na wenzake wakicheka hata kushika mbavu. Jioni, bila ya kuzikagua picha zile, tulizituma zote katika kundi la ukoo, lenye watu zaidi ya mia moja, ambao wengine wao hatujapata hata kuonana nao uso kwa uso. Usiku ule ule tukaambiwa kwamba picha moja imekwisha toka nje ya kundi. Tuliifuta upesi, lakini wahenga walikwisha sema, maji yakimwagika hayazoleki.

Bibi yule hakugomba wala hakushtaki kwa mtu. Idd iliyofuata alikuja na bakuli lake la tambi kama kawaida yake, akaketi pembeni akiwa amejifunika juba lake lote, akala kimya kama msafiri angojaye basi, na kila simu ilipoinuliwa akawa anageuza uso. Kisa cha kuchekesha hatukukisikia tena. Hapo ndipo tulipofahamu tulichomnyang'anya. Uani palikuwa mahali pake pa kupumua, nasi tuliutoboa ukuta wake.

Ndugu wasomaji, kutoboa ukuta si tamathali tuliyoibuni sisi. Imepokewa kutoka kwa Sahl bin Saad (r.a.), katika mkusanyo wa Bukhari na wa Muslim, ya kwamba mtu mmoja alichungulia kupitia tundu katika chumba cha Mtume Mtukufu (s.a.w.), naye Mtume (s.a.w.) alikuwa akijichana kichwa kwa kitana cha chuma. Alipojua kwamba amechunguliwa, alimwambia mtu yule kuwa lau angelijua mapema angelimchoma jicho kwa kitana kile, kisha akabainisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya jicho.

Tulitafakari neno hilo kwa makini. Watu wengi hudhani kwamba hodi imewekwa kwa ajili ya miguu, yaani ili mtu asikanyage nyumba ya mwenziwe bila ya kukaribishwa. Mtume wetu (s.a.w.) anatufundisha kuwa miguu ya mtu ikibaki nje na jicho lake likaingia, basi amekwisha ingia. Mlango, pazia na ukuta ni vitu vilivyowekwa kumsitiri mwenye nyumba asionekane katika hali ambayo hakupenda kuonekana.

Sasa tujiulize, kamera ni kitu gani? Kamera ni jicho. Tena ni jicho lisilosahau, linaloweza kutolewa nyumbani mwetu likapelekwa popote. Mgeni aliyepiga hodi akajibiwa karibu, amepewa ruhusa ya jicho lake yeye. Hakupewa ruhusa ya kuwaingiza watu mia moja wanaomfuata nyuma bila ya kuonekana. Anapoinua simu na kuzituma picha, huwa amewafungulia mlango watu ambao wenye nyumba hawakuwaambia karibu. Kwa hiyo kamera nayo haina budi kupiga hodi yake peke yake, hata kama mwenye kuishika amekwisha kaa jamvini na kula.

Qurani Tukufu imelifafanua jambo hili la idhini kwa upana zaidi ya tunavyozoea kulisikia. Katika Sura An-Nur, aya ya 27, waaminio wameamrishwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Na aya ya 28 inawaagiza kwamba wakiambiwa warudi, basi warudi, kwani kufanya hivyo ni usafi zaidi kwao. Kisha aya ya 58 inaingia ndani zaidi ya nyumba. Hata watumishi na watoto wa nyumba hiyo hiyo, ambao hawajabaleghe, wametakiwa kuomba idhini katika nyakati tatu, yaani kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya isha. Hebu tuzingatie. Mtoto mdogo, aliye wa nyumba hiyo, asiyehitaji hodi saa nyingine zote, anafundishwa kubisha katika saa hizo tatu. Inadhihirika kwamba ndani ya nyumba moja kuna sitara juu ya sitara, na kwamba kuwa ndugu hakumwondolei mtu wajibu wa kuomba ruhusa. Nasi tulimpa mtoto simu, tukamtuma uani!

Aidha, aya ya 31 ya Sura hiyo hiyo imewataja wanaume ambao mwanamke aaminiye anaweza kuwadhihirishia mapambo yake, kama vile mume, baba, mtoto na ndugu. Orodha ile ina mwisho. Kundi la ukoo katika simu halina mwisho wa namna hiyo. Humo mna mashemeji, watoto wa ami, wakwe za watoto wa ami, na wengine walioongezwa na mtu ambaye hatukumbuki ni nani. Mwanamke aliyejisitiri maisha yake yote huweza kuvuliwa sitara yake kwa kidole kimoja cha mtu ampendaye, asiyekusudia ubaya wowote.

Hapana shaka baadhi ya wasomaji watasema kwamba mjadala huu usingelikuwepo lau Waislamu wangeliacha picha kabisa. Kauli hiyo ina wenyewe, na twaiheshimu. Wanachuoni wa zama zetu wamehitilafiana kuhusu picha ya kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914 hadi 1920, aliona kwamba picha ya kamera ni kukizuia kivuli tu, mfano wa sura ya mtu katika kioo, na kwamba haiingii katika makatazo ya uchoraji na uchongaji. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 1999, aliikataza picha ya viumbe wenye roho ila kwa dharura, kama vile vitambulisho. Mkazi wa mpakani hahitaji kuelezwa sana dharura hiyo, kwa kuwa pasi ya kusafiria isiyo na picha haimvushi mtu. Hatukusudii kuimaliza hitilafu ya wanachuoni katika ukurasa mmoja. Tunalosema ni kwamba hata yule anayefuata kauli ya ruhusa, amepata ruhusa ya kutumia kamera, bado hajapata ruhusa ya mwenye sura.

Wazee wetu walikuwa na njia ya kulimaliza jambo hili bila ya fatwa nyingi. Picha ilikuwa na mahali pake na saa yake. Kule Unguja, studio ya Capital Art ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Kule Lamu, Omar Said Bakor alijulikana kwa studio yake. Na katika miji ya bara nako studio zilienea. Siku za sikukuu familia ilivaa, ikajisitiri, ikatoka nyumbani kwa miguu yake, ikaenda kusimama mbele ya pazia lililochorwa. Filamu moja kwa kawaida ilikuwa na picha 36, na kila picha ilikuwa na gharama. Mtu alijua anapigwa picha, alijua nani anampiga, na baada ya picha kusafishwa alipewa mkononi akaitia katika albamu. Aliyetaka kuiona picha ile alipaswa kuja nyumbani, kupiga hodi, kuketi, na kuletewa albamu pamoja na chai. Kamera haikuingia uani, na picha haikutoka nje ya kabati.

Simu zimeugeuza utaratibu huo juu chini. Kamera imeingia hadi jikoni na chumbani, na picha haigharimu chochote kuipiga wala kuituma. Wengine hujiliwaza kwamba wameiweka picha katika stetasi ya WhatsApp, ambayo hujifuta baada ya saa 24. Lakini mtazamaji anaweza kuinasa kutoka kwenye kioo cha simu yake katika sekunde moja, ikabaki kwake miaka yote. Wengine husema wameifuta. Wameifuta katika simu zao, wala hawawezi kuifuta katika simu za watu waliokwisha ihifadhi. Simu nyingi zimepangwa kuhifadhi picha zenyewe kwenye hazina za mtandaoni bila ya mwenyewe kukumbuka, na picha halisi ya simu huweza kubeba ndani yake tarehe, saa, na hata mahali ilipopigwa. Basi anayedhani kwamba ametuma uso tu, pengine ametuma na njia ya kufika nyumbani.

Ndugu zetu wa pwani waliliona tatizo hili mapema. Katika miji kama Mombasa na Lamu ziko sherehe za harusi ambazo wanawake hukutana peke yao, wakavua mabuibui na kuonyesha mapambo yao wao kwa wao. Kamera za picha na za video zilipoanza kuingia humo, ikawa picha za ndani zinaonekana na wanaume wa nje, na hofu ikaenea. Mtafiti Mjerumani, Heike Behrend, aliyaandika masuala ya picha na sitara katika pwani ya Afrika Mashariki katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2013. Akina mama wenyewe hawakungoja kitabu. Katika sherehe nyingi waliweka wenzao mlangoni, mikoba ikakaguliwa na simu zikazuiwa. Wapo waliowacheka wakisema kwamba wanaogopa maendeleo. Sisi twaona walichokuwa wakikilinda ni furaha yao, maana mtu anayehofia kupigwa picha hachezi wala haimbi.

Na furaha ya sikukuu ni haki. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba siku ya Idd wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwake, na baba yake, Abu Bakr (r.a.), alipotaka kuwakemea, Mtume (s.a.w.) alimwambia awaache, kwa kuwa kila watu wana sikukuu yao na ile ilikuwa sikukuu ya Waislamu. Wasichana wale waliimba kwa sababu walikuwa ndani ya nyumba wanayoiamini. Nyumba ikiisha kugeuzwa kuwa studio, watu hukaa kama wako studio, wameshikilia nyuso zao.

Tena liko hasara lingine ambalo hatulihesabu. Anayepiga picha hayupo katika mkusanyiko. Yuko nyuma ya simu. Tumeona mjukuu aliyetoka mbali akimbusu bibi yake mkono, kisha bibi akaombwa autoe mkono mara ya pili kwa kuwa picha haikutoka vizuri. Mara ya kwanza ilikuwa salamu. Mara ya pili ilikuwa ya nani? Twaogopa isije ikawa kwamba tunawazuru jamaa zetu ili tuonekane tumewazuru. Kuunga udugu ni ibada, na ibada huharibika ikilengwa kwa macho ya watu.

Hali kadhalika chakula. Abu Dharr (r.a.) aliusiwa na Mtume (s.a.w.) kwamba apikapo mchuzi aongeze maji, kisha awaangalie jirani zake. Jirani wa siku hizi hutuangalia yeye, kwa maana picha ya sinia letu humfikia kabla ya sahani, na pengine sahani haimfikii kabisa. Hapa Mpemba wengi wa jirani zetu si Waislamu, na ni desturi njema iliyoko kwamba sikukuu ya huyu huliwa na yule. Ingekuwa aibu kubwa desturi hiyo igeuke kuwa ya kuonyeshana vyakula kwenye simu. Na vibaya zaidi ni kumwita yatima, kumvisha nguo mpya, na kumsimamisha mbele ya kamera akiwa ameishikilia. Qurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, aya ya 264, imetuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Picha ya namna hiyo ni simbulizi lisilokoma, kwani mtoto yule atakua, na siku moja ataiona.

Baadhi ya wasomaji watauliza sheria ya nchi inasemaje. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16, inatambua haki ya kila mtu ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tunaishukuru hatua hiyo. Lakini sheria ile imelenga hasa taasisi na watu wanaokusanya na kuchakata taarifa za wengine katika shughuli zao, na hakuna ofisa atakayekuja kuketi nasi jamvini siku ya Idd. Jamvini hapo panalindwa na adabu yetu na hofu yetu kwa Mwenyezi Mungu.

Pamoja na yote hayo, uadilifu watutaka tuyaseme mema ya picha, nayo si haba. Dereva aliyekwama Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia na Kongo, akiwa katika foleni ya malori siku ya Idd, huletewa picha ya watoto wake wamevaa kanzu na magauni mapya, na moyo wake hutulia. Bibi aliye Tabora, ambaye miguu yake haimruhusu tena kusafiri, humwona kitukuu ambaye pengine hatampakata kamwe. Na mzee akifariki, wajukuu waliozaliwa baadaye huujua uso wake. Tunajua nyumba ambazo zinatamani mno picha moja ya babu yao na hazina hata moja. Kwa hiyo hatusemi kamera itupwe. Tunasema iingie kwa mlango.

Nayo itaingiaje? Tunawausia ndugu zetu mambo yafuatayo, ambayo kila nyumba yaweza kuyapima kwa hali yake.

Kwanza, mwenye nyumba atangaze mapema saa na mahali pa picha. Iwe baada ya kula, sebuleni au mbele ya nyumba, kila mtu akiwa amejiweka sawa. Uani, jikoni na vyumbani pasipigwe picha. Kabla na baada ya saa hiyo simu ziwekwe kando.

Pili, kila mtu aulizwe, na jibu lake likubaliwe bila ya kubishana. Anayesema hapana asiitwe mshamba wala asiambiwe kwamba anaiharibu sikukuu. Huyo ameambia kamera irudi, na tumekwisha ona kwamba Qurani Tukufu inatutaka tukiambiwa turudi, turudi. Mke asilazimishwe na mume, wala mkwe asione haya kukataa mbele ya wakwe zake.

Tatu, kukubali kupigwa picha si kukubali isambazwe. Hizo ni ruhusa mbili. Picha zikaguliwe moja moja kwanza, kisha zitumwe kwa mtu anayejulikana kwa jina, kama vile baba aliye safarini au bibi aliye mbali, na zisimwagwe katika kundi zima. Naye aliyepokea ajue kwamba amekabidhiwa amana, na Sura An-Nisa, aya ya 58, imetuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Kuipeleka mbele bila ya idhini ni kuivunja.

Nne, watoto wasipewe simu ya kupigia picha bila ya kufundishwa adabu zake, na wao wenyewe wasipigwe wakiwa wanaoga, wanalia au wameadhibiwa. Mtoto hawezi kutoa idhini leo, na hataweza kuirudisha picha kesho.

Tano, wazee wapigwe picha kwa heshima maadamu wangali hai na wameridhia, na majina yao pamoja na mwaka yaandikwe. Picha moja ya mzee iliyoandikwa jina ina faida kuliko mia zilizojazana katika simu ambayo kesho itaanguka majini.

Sita, anayeombwa kuifuta picha aifute papo hapo, mbele ya mwenyewe, bila ya kuuliza sababu. Na aliyekosa, kama tulivyokosa sisi, asiishie kufuta. Amwendee mwenye haki akaombe radhi.

Sisi tulikwenda. Tulipokelewa vizuri, tukaambiwa yamekwisha, lakini tulijua kwamba imani ya mtu hairudi kwa neno. Tangu hapo pameweka kikapu karibu na mlango wa sebule, na siku ya Idd kila aingiaye huweka simu yake humo, sisi wa kwanza. Baada ya chakula zinatolewa, picha zinapigwa mbele ya nyumba kwa wapendao, na baba zao walio njiani hutumiwa. Idd iliyopita, mke wa ndugu yetu alipofika aliuliza jambo moja tu, simu ziko wapi. Akaonyeshwa kikapu. Akakitazama, akahesabu, kisha akaelekea uani na bakuli lake. Alichokwenda kusimulia huko hatukijui, wala hakituhusu. Sisi tuliokuwa sebuleni tulisikia kicheko.

Ndugu wasomaji, tunazungumza sana misikitini juu ya kuutengeneza umma. Kazi hiyo ina milango mingi, na mmoja wapo ni mlango wa nyumba zetu wenyewe, siku ya furaha, mbele ya watu tunaowapenda. Basi na tusitiriane. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kumsitiri Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri.

Ewe Mola wetu, zikusanye jamaa zilizotawanyika, wafikishe salama walio njiani, zijaze nyumba zetu furaha iliyo safi, na utusitiri duniani na Akhera. Amin.